Mbuzi Walioshukia Mubi

Laetitia alishuka kwenye pikipiki akiwa na tope hadi kwenye nyusi, na jambo la kwanza alilofanya halikuwa kujipangusa. Alimtazama Noël. Noël naye alikuwa akimtazama, miwani yake imepigwa udongo mwekundu huku na huku, akacheka. Uchovu wote wa njia kutoka Mubi ukampungukia msichana kama mtu aliyepokewa mzigo. Ndivyo ilivyokuwa tangu siku walipojuana: Noël akicheka, yeye hupata nguvu. Akamshukuru Mungu kimoyomoyo kwa kicheko hicho, maana alijua kwamba hapa Kalembe hawangekipata kingine upesi.

"Papa yako ananiogopesha kupita inspecteur ya masomo," Noël alinong'ona.

"Hata miye ananiogopesha. Twende."

Papa Floribert, baba yake Laetitia, alikuwa kwenye shamba lake la maharage, juu kidogo ya nyumba. Aliwaona. Mtu akishuka pikipiki Kalembe, hata kuku huarifiwa. Lakini hakuharakisha. Alimaliza mstari wake, akafuta mikono kwenye suruali, ndipo akateremka.

Wewe msomaji usimhukumu mapema. Papa Floribert hakuwa mtu wa roho mbaya. Alikuwa mtu aliyeumizwa na mbuzi.

Jambo lenyewe lilianza zamani, wakati vijiji vya milima hii vilipokuwa vikikimbiwa kwa vita. Laetitia alikuwa bado mdogo, mama yake amekwisha kufa. Baba yake alimkabidhi kwa mdogo wake, Papa Edmond, aende naye Mubi, kwenye barabara ya msituni ambako malori ya machimbo hupita na mtu hakosi kazi. Yeye mwenyewe alibaki na mama yao mzee, Koko Sidonie, ambaye alikataa katakata kuhama. Edmond alianza kwa kuuza chumvi na sabuni chini ya turubai. Leo ana butiki yenye misumari, mabati na vipuri vya pikipiki. Akamsomesha Laetitia mpaka akawa muuguzi. Na polepole mambo yote ya ukoo yakahamia kwake. Ndugu wakigombana, wanaamuliwa Mubi. Mtu akifa, matanga yanakaliwa Mubi. Harusi Mubi, mikutano Mubi. Vijana wa ukoo waliipa nyumba ya Edmond jina la Kinshasa, na Edmond hakulikataa.

Basi Noël alipoamua kuoa, watu wake wa Buleusa waliuliza mbuzi wa mahari wapelekwe wapi. Edmond akajibu kwa simu: "Mulete Mubi. Ni huku njo kunaamuliwaka yote." Noël, ambaye ni mwalimu wa sekondari hapohapo Mubi, hakuona kasoro. Kumbe kutoka Buleusa mtu huja Kalembe kwa miguu yake. Mbuzi wakapandishwa lori, wakaipa Kalembe mgongo, wakaenda kutafuta nyumbani kwa bibi harusi mwisho wa msitu. Edmond akawapokea kwa nyimbo na soda. Picha zikapigwa, na picha hazina adabu: zilifika Kalembe siku ileile kwenye simu ya katekista. Papa Floribert alizitazama zote, akarudisha simu, akasema neno moja tu.

"Binti mwenye aliolewa pale ni wa Edmond. Wa kwangu hajaolewa bado."

Tangu hapo kimya. Padri alikuwa tayari, gauni lilikwisha shonwa, lakini Laetitia alikuwa amejiapiza kwamba hataingia kanisani bila mkono wa baba yake kichwani. Ndiyo maana walikuwa hapa, na tope lao.

"Jambo, papa."

"Jambo yako, mutoto yangu. Njia ilikuwa mubaya?"

"Mubaya sana."

"Iko vile siku zote." Kisha akamgeukia kijana. "Na weye, prof. Bantu ya Buleusa bako muzuri?"

"Bako muzuri, Papa. Banakusalimia."

"Aksanti yao. Buleusa iko karibu. Hata muzee wa fimbo anaweza toka kule asubui, akafika."

Noël alitazama viatu vyake. Laetitia alitamani ardhi ipasuke.

Aliyewaokoa ni Koko Sidonie. Bibi alitoka jikoni na bugali ya mihogo na sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa, akamzunguka Noël mara mbili kama anayenunua ng'ombe.

"Huyu njo bwana yako? Iko mwembamba! Mubi habapikaka?"

"Tunapikaka, koko," Laetitia akacheka.

"Basi munapika bibaya. Kula, mutoto. Kula mpaka mifupa ijifiche."

Noël alikula kwa shukrani ya kweli, na bibi akampenda palepale. Mapenzi ya Koko hayakuwa na taratibu ndefu. Lakini baba alikula kimya, akanawa mikono kimya, ndipo akauliza kwa upole uliomtia Laetitia wasiwasi.

"Prof, unafundishaka nini?"

"Géographie, Papa. Inchi, mito, milima. Miji mikuu, bacapitale."

"Capitale. Niambie basi. Kama serikali inatoka mu mji moja, inahamia mu mwingine, capitale inabakia wapi?"

Hapo Noël alisahau kwamba yuko mbele ya baba mkwe. Mwalimu akiulizwa swali zuri ni kama mlevi aliyeonyeshwa chupa. Macho yakamng'aa, akasogeza kiti.

"Papa, hiyo swali batoto banauliza kila mwaka! Inategemea. Angalia Burundi, majirani wetu. Balisema capitale ya politike iende Gitega, lakini biashara ikabakia Bujumbura. Côte d'Ivoire, capitale ni Yamoussoukro mu sheria, lakini ofisi nyingi iko Abidjan. Na kule Bulaya, Pays-Bas, inchi ya Uholanzi, hiyo njo inashangaza: serikali, baministre, bote bako La Haye. Lakini capitale yao ni Amsterdam."

"Juu ya nini, kama baministre habako pale?"

"Juu mufalme anaapaka pale. Kazi ni La Haye. Kiapo ni Amsterdam."

"Ah." Papa Floribert aliitikia kwa kichwa taratibu. "Kwa hiyo kazi inaweza hama, na capitale ikabakia."

"Njo vile, Papa!"

"Na weye ulijua hii yote."

"Nafundishaka kila mwaka."

"Na mbuzi ukapeleka La Haye."

Koko Sidonie alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Laetitia hakujua acheke au alie. Alimtazama baba yake na kuona kwamba yeye hakuwa akicheka hata kidogo.

"Nilikosa, Papa," Noël akasema hatimaye. "Unisamehe. Tutaleta zingine hapa, hata juma hii."

"Sikuomba mbuzi." Mzee akainuka. "Maharagi inakauka," akasema, akarudi shambani.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kijito walikoloweka mihogo. Laetitia alikwenda kunawa uso, Noël akamfuata, na pale ugomvi uliokuwa umewangoja njia nzima ukawapata.

"Hataki samahani, hataki mbuzi. Anataka nini?" Noël alisema. "Papa Edmond alikulea, alikukomesha. Alikusomesha. Yeye alitoa baraka. Turudi Mubi tuoane, kisha papa yako atapoa."

"Unasema vile juu uko na aibu."

"Nasema vile juu nakupenda! Na niko na woga."

"Woga ya nini?"

Noël alivua miwani. Bila miwani uso wake ulikuwa wa mtoto, na Laetitia alijua hivyo, na alijua kwamba akiutazama sana atashindwa. Akayatazama maji.

"Kwamba utamuchagua yeye," Noël alisema.

"Noël, sikiliza muzuri. Papa Edmond alinipatia kila kitu, sitamusahau hata siku moja. Lakini yule pale juu njo alinizala, na alibakia peke yake na mamake ili miye niende kuishi. Kama ukinilazimisha kuchagua leo, nitabakia Kalembe. Sitakuchukia. Nitabakia tu, nikulilie hapa."

Maneno yalimtoka kwa sauti ya kawaida, na kila moja lilimchoma kabla ya kumchoma mwenzake. Noël alipanga kwa makini majani mawili juu ya jiwe, kana kwamba kuna mtu atakayeyakagua. Laetitia aliwaza: sasa ataondoka. Mwanamume yeyote angeondoka.

"Kuvuna maharagi ni kazi ya namna gani?" Noël akauliza.

"Nini?"

"Kama nikibakia. Siwezi kukaa bure nikikula sombe ya Koko. Nitavuna na yeye mpaka aseme kitu. Hata akikaa kimya mpaka mvua ingine, nitavuna."

Laetitia alimrukia shingoni, tope na yote. Wapo wanaume wanaoleta ng'ombe na wasilete subira. Yeye alikuwa amepewa subira, na pale kijitoni, shavu lake likiwa kwenye shati lenye udongo, aliona kwamba amepewa kingi mno.

Noël alivuna kweli. Alivuna vibaya, aking'oa maharage mabichi pamoja na makavu, na Papa Floribert alimfuata nyuma akirekebisha bila neno. Siku ya tatu alimwonyesha namna ya kushika shina. Siku iliyofuata, wakishusha mizigo, alisema, "Bokilo, funga ile kamba muzuri." Bokilo! Mkwe! Laetitia alisikia akiwa mlangoni, ungo mkononi, akaacha kupepeta. Lakini baraka haikutoka. Neno la bokilo lilikuwa mlango uliofunguliwa nusu, na penye nusu mtu hapiti.

Ndipo akaamua kupanda shambani mwenyewe, asubuhi moja Noël alipokwenda kuchota maji.

"Papa, niambie miye. Nini unataka?"

Mzee aliendelea kuvuna. Akavuna mashina kadhaa, kisha akakaa chini kati ya mistari, akampa binti yake nafasi pembeni.

"Siku tulitengana, ulikuwa unalia sana. Edmond akakuweka mu mugongo. Hakuwa na kitu, Laetitia. Hata viatu. Kisha nikasikia unagonjwa homa kule njiani, alikubeba mu mvua mpaka kwa munganga. Nikasikia analala na njaa ili weye ukule. Yeye hakuniambia hata moja. Bantu njo baliniambia. Nikawa najiuliza kila mavuno, nitamurudishia nini huyu mudogo yangu? Niko na maharagi tu."

Alichukua ganda kavu, akalivunja, punje zikadondoka kiganjani.

"Nikasema, siku bokilo atakuja na mbuzi, nitasimama mu kiwanja ya baba yetu. Bantu bote bakiwa pale. Nitasema: huyu mutoto miye nilimuzala, lakini Edmond njo alimukomesha. Nitamupatia mbuzi ya kwanza na mikono yangu mbili. Hii maneno nilichunga miaka yote. Nilikuwa naisema peke yangu hapa mu shamba, nisisahau." Akazifumbata punje. "Sasa yeye amejipokelea. Mbuzi anayo. Miye nimebakia na aksanti mu tumbo, haina mahali pa kutokea. Bantu banafikiri niko na wivu."

Laetitia alilia bila kujificha. Siku zote hizi alidhani baba yake anadai kitu. Kumbe alikuwa mtu aliyenyimwa nafasi ya kutoa. Alimshika mkono ule wenye punje za maharage, akaubusu, na hakuwa na la kusema ila, "Ningojee, papa. Ningojee kidogo."

Mtandao wa simu Kalembe hupatikana mahali pamoja, kwenye mgongo wa kilima juu ya kanisa. Alikimbia mpaka pale, pumzi juu juu, akapiga.

"Papa Edmond? Ni miye. Kuja Kalembe."

"Nikuje kufanya nini?" Sauti ya Edmond ilikuwa imejaa hasira tangu mwanzo, kama aliyekuwa akiingoja simu hiyo. "Nikuje kutukanwa? Muambie yaya yangu, ule mukubwa yangu, kuzala haiko kazi, kazi ni kulea. Miye nililea!"

"Ulilea. Hata yeye anasema vile."

"Anasema vile?"

"Kuja tu, papa. Leta mbuzi moja, ile mukubwa."

"Moja? Anataka moja? Juu ya nini moja?"

"Papa Edmond, sijakuombaka kitu kingine tangu nimalize masomo. Kuja."

Upande wa pili zikasikika honi za malori ya Mubi, na mteja akiuliza misumari.

"Nitafunga butiki," Edmond akasema.

Butiki ile haikuwa imefungwa hata siku ya Pasaka. Laetitia alijua uzito wa maneno hayo, akakaa chini kilimani akacheka na kulia kwa pamoja, mbuzi wa watu wakimshangaa.

Edmond alifika Jumapili baada ya misa, amevaa koti lake la sherehe lililogeuka rangi njiani, na beberu mkubwa aliyefungwa nyuma ya pikipiki ya pili, mwenye hasira za haki. Watu wa Buleusa walikuwa wamekwisha kufika kwa miguu, wajomba wa Noël aliowaita, wakichekana wenyewe kwa wenyewe jinsi njia ilivyokuwa fupi. Kiwanja kilijaa. Laetitia alimpokea Edmond kwenye ua.

"Kama akinitukana mbele ya bantu, narudi leo leo," Edmond alimwambia kwa sauti ya chini. Laetitia alijua kwamba huyu mtu mkubwa wa Mubi, mwamuzi wa kesi za watu, alikuwa anaogopa kama mtoto aliyevunja chungu.

Papa Floribert alikuja moja kwa moja, akachukua kamba ya mbuzi mkononi mwa mdogo wake. Edmond aliachia kamba, akainamisha kichwa akingoja kipigo cha maneno.

"Bantu ya Buleusa, na weye bokilo," Papa Floribert akaanza. Sauti yake haikuzoea watu wengi. "Munaniona. Miye njo nilizala Laetitia. Mamake alimuacha angali mudogo. Wakati ya taabu sikuweza kumuchunga. Huyu hapa, mudogo yangu Edmond, alimubeba mu mugongo. Alilala na njaa juu yake. Alimusomesha. Kama leo munaona binti iko na adabu, iko na kazi, ni jasho yake. Miye sikufanya kitu, ila kumuombea."

Aligeuka. Akashika kamba kwa mikono miwili, akainama kidogo, yeye mkubwa mbele ya mdogo.

"Edmond. Mbuzi ya kwanza ni yako. Aksanti, mutoto wa mama."

Edmond hakunyoosha mikono. Hakuweza. Machozi yalikuwa yakimshuka kwenye koti, na hakuna aliyewahi kuyaona tangu afike Mubi.

"Yaya," alisema, "miye nilifikiri unataka kuninyang'anya mutoto."

"Nakunyang'anya aje mutoto mwenye nilikupatia na mikono yangu?"

"Juu ya hiyo njo nilipokea mbuzi haraka. Nilisema, kama nikingoja, atasimama yeye, miye nitakuwa mutu wa butiki tu. Nisamehe, yaya. Nisamehe."

Walikumbatiana vibaya, kamba katikati, beberu akiwavuta huku na huku mpaka Koko Sidonie akaja kumnyang'anya. Kina mama wakapiga vigelegele. Mjomba mmoja wa Buleusa alijifanya kupenga makamasi. Noël alikuwa amesimama mbali kidogo, akimtazama Laetitia juu ya vichwa vya watu wote, na katika mtazamo ule Laetitia aliona nyumba, na watoto, na miaka mingi.

"Laetitia, kuja," baba yake akaita.

Alikuja, akapiga magoti kwenye udongo. Mkono mkavu wa baba ukamshukia kichwani, na ukakaa hapo. Aliufahamu uzito wake, ingawa alikuwa ameusahau tangu utotoni.

"Baraka yangu umepata. Lakini sitakutoa miye." Papa Floribert alimgeukia mdogo wake. "Edmond, kazi ya kumutoa iko yako, juu weye njo ulimuleta mpaka hapa. Utamutoa, lakini mu kiwanja ya baba yetu."

Edmond alipangusa uso kwa mkono wa koti, akabaki na tope puani. Alimwinua Laetitia, akauchukua mkono wake, akauweka ndani ya mkono wa Noël. Alitaka kusema maneno makubwa, ya Mubi, yaliyozoea mikutano. Hayakuja. Akasema yaliyokuwapo.

"Noël, huyu mutoto iko na ba papa babili. Ukimuliza machozi, utapigwa mara mbili."

"Nasikia, Papa," Noël akajibu. "Naapa hapa mbele yenu bote. Sitamuliza."

Watu wakacheka, na kicheko kikawa kelele, na kelele ikawa wimbo. Laetitia hakuimba. Mkono mmoja ulikuwa kwa Noël. Kwa ule mwingine alitafuta mikono ya wale wazee wawili, akaikusanya yote pamoja, wa shamba na wa butiki, akaiweka kwenye paji la uso wake. Akasema asante mara moja tu, na wote wawili wakaitika.